Maandishi Waliyomwekea Yaw

Yaw alifundishwa Kikorea na mama mkwe wake, na mama mkwe wake alikuwa mchimba pweza. Kwa hiyo alizungumza kama bibi wa kwenye matope ya pwani ya Jeolla, pole pole, akivuta mwisho wa kila sentensi kama mtu anayevuta wavu. Siku ya kwanza kuzungumza naye kwa simu nilimwamkia kwa heshima zote za mtu wa miaka sabini. Akacheka. Akasema, "Dada, mimi ni mdogo wako, punguza kidogo."

Kwao ni Takoradi, Ghana. Alikuja hapa Samho, kwenye karakana ya meli kusini mwa Korea, kuchomelea vyuma, akamwoa Gwak Sundeok mwenye jiko la kulisha mafundi, wakapata mtoto mmoja, Boram. Mimi niliolewa hapa miaka kumi na tisa iliyopita. Huku mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka, basi mimi ni Bibi Tabora, hata posta wananijua hivyo. Nyumba yangu na ya Sundeok zinatenganishwa na mtini mmoja na madebe ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Boram alizaliwa nikiwa nimemshika mama yake mkono, na ndiyo maana naandika habari hii, maana nimemjua huyu mtoto tangu hajaoshwa.

Mwaka ule Boram alikuwa darasa la tano. Shule ilijaa watoto wa zile nyumba mpya za ghorofa, waliohamia kutoka mijini baba zao walipopata kazi karakanani. Hao hawakumjua Yaw. Walimwona kwa mbali tu asubuhi, akimshusha Boram getini na kuondoka mbio kuwahi zamu. Siku moja msichana mmoja aitwaye Harin akamwuliza Boram mbele ya wenzake, "Nyumbani mnaongea na baba yako kwa ishara?"

Boram akamjibu, "Baba yangu anajua Kikorea kuliko baba yako."

Wakacheka wote. Boram akawaambia mwezi wa kumi na moja, siku ya wazazi kueleza kazi zao, baba yake atakuja, na watasikia kwa masikio yao. Alirudi nyumbani hajala chakula cha shule. Akamwambia baba yake mambo yote akiwa amesimama, mkoba bado mgongoni.

Yaw akasema, "Nitakuja. Nitaomba ruhusa mapema."

"Utazungumza vizuri?"

"Kwani huwa nazungumzaje?"

"Kama bibi," Boram akasema. "Lakini vizuri."

Basi jambo lilikuwa hilo tu. Mtoto alikuwa ametoa neno lake mbele ya darasa, na neno hilo lilimtegemea baba yake.

Mwezi wa tisa ikaja simu kutoka Seoul. Kulikuwa na kipindi cha televisheni cha wageni waishio Korea, wanakaa wageni watano na watangazaji wawili, wanapiga soga, watu wanacheka. Mtu mmoja wa karakanani alikuwa amewapelekea picha ya Yaw. Yaw alikataa mara mbili. Alisema yeye ni fundi, hana kichekesho. Aliyembadilisha ni Boram.

"Baba, nenda," alisema. "Harin hukitazama kila Jumamosi. Wote hukitazama. Watakusikia wote siku moja, halafu mwezi wa kumi na moja hutakuwa na kazi ya kuwashawishi."

Nami nikaunga mkono. Nilisema huenda Mungu ndiye aliyefungua mlango. Nimelifikiria sana neno langu hilo baadaye.

Sundeok hakuweza kufunga jiko, akaniomba niende naye. Tulipanda treni ya alfajiri. Njia nzima Yaw alikuwa akifanya mazoezi ya sentensi zake chache, midomo ikicheza kimya kimya, kama mtoto anayekwenda kukariri zaburi kanisani.

Studioni tulipokewa na binti mwandishi wa kipindi, Namgung, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alituletea kahawa. Akamletea Yaw shati lenye madoa ya chui.

Yaw akasema, "Kazini mimi navaa ovaroli. Nimekuja nayo, imefuliwa."

"Ovaroli haipendezi kwenye kamera, mwalimu." Huku mtu mzima usiyemjua huitwa mwalimu. "Hili litakung'arisha."

Akalivaa. Pembeni yake alikaa mwanamke wa Uzbekistan, Gulbahor, anajipaka poda bila kioo. Alimtazama akatikisa kichwa.

"Kaka, ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Usijisumbue sana basi. Wameshakuandika kabla hujapanda treni. Mimi huu mwaka wa nane. Mimi ni mke mzuri anayemwogopa mama mkwe."

"Mama mkwe wako ni mkali?"

"Nina mama mkwe wapi? Sijaolewa." Akafunga kopo la poda. "Wewe utakuwa yule mwenye nguvu na kicheko. Kula wanachokupa, cheza kidogo, treni ya saa kumi na moja utaiwahi."

Yaw akacheka, akidhani ni utani. Mimi nilikaa kwenye mabenchi ya watazamaji na mkoba mapajani.

Walianza. Mtangazaji mmoja alimwuliza Yaw kama kwao moto huwashwa kwa kusugua mawe. Watu wakacheka. Yaw akangoja wamalize, kisha akasema lile aliloliandaa. Alianza kwa "kosigi". Watu wa Jeolla hawawezi kuishi bila neno hili. Ni kama sisi tunavyosema "nanii", linaingia popote, mtu akitafuta jina la kitu, au akitaka tu kupumua kabla ya kusema jambo la maana. Wazee wa hapa wanaweza kusimulia msiba mzima kwa "kosigi" na kila mtu akaelewa.

"Kosigi," akasema Yaw. "Kwetu Takoradi ni bandarini, moto tulikuwa nao. Lakini moto wa kuchomelea nimeujulia hapa. Fundi mzuri hutumia masikio. Moto ukivuma kama mafuta ya kukaangia, chuma kimekubali. Ukipasuka-pasuka, chuma kimekataa, unaacha, unaanza upya. Kazi hii naipenda, kwa sababu meli ile itabeba watu ambao sitawaona."

Nilisikia kila neno. Moyo ulinijaa. Nilisema, Bwana, ahsante, mtoto atasikia haya.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mchekeshaji mmoja amejipaka masizi uso mzima, wigi la nywele zilizosokotana kichwani, midomo imechorwa mikubwa, amevaa shati lile lile la chui. Alikuwa akirukaruka na kuita, "Kaka yangu, kaka yangu." Ngoma ikapigwa. Watu walianguka kwa kicheko. Yule mtu alimkumbatia Yaw, na masizi yakampaka shavuni. Yaw alikaa vile vile, mikono juu ya magoti. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa jina lisilo lake, na anangoja kuona kama kuna mwingine ataitika.

Gulbahor alimpa kitambaa cha kujifutia. Treni tuliiwahi.

Jumamosi ya kuonyeshwa tulijaa chumbani kwa Sundeok. Tulikuwa Yaw na mkewe, Boram mbele kabisa amekumbatia mto, mimi, na Bibi Seo, mama mkwe, mchimba pweza mwenyewe, miaka sabini na nane, amevaa blauzi ya arusini.

Aliyekaa huku anajua kwamba vipindi vya namna hii vina maandishi makubwa ya rangi juu ya picha. Mtu akisema neno, linaandikwa. Hata akinyamaza wanaandika wanachodhani anawaza, na kwa sababu muziki na vicheko huwa juu, watu wamezoea kusoma kuliko kusikiliza. Mimi shule yangu ilikuwa ya msingi tu, na Kikorea nimejifunza kusoma kanisani kwa kufuata kidole kwenye kitabu cha nyimbo, lakini hata mimi nimezoea hivyo.

Yaw akatokea na shati la chui. Akafungua mdomo. Aliposema "kosigi", yakaja maandishi ya kijani yaliyolegea kama majani ya mgomba, "Eee... neno... limepotea...", na kunguru aliyechorwa, alama ya huku ya mtu aliyekosa la kusema, akapita juu ya kichwa chake akilia. Kisha sauti yake ikashuka chini ya ngoma, na kwa herufi nyekundu kubwa zilizotoa miali yakaandikwa maneno matatu, "MIMI MOTO PENDA".

Nilicheka. Lazima niseme kweli. Macho yangu yalisoma kabla masikio hayajasikia, na kicheko kikanitoka, Sundeok naye kikamtoka, kisha kikakatika kwa wote wawili pamoja.

Alipoingia yule wa masizi, kamera ilimsogelea Yaw usoni, pale pale alipokuwa amekaa kama jiwe, wakaandika kwa waridi, "Ametokwa na machozi! Ndugu yake!" Wakachora tone la chozi. Hakutoka chozi siku ile, niliona kwa macho yangu.

Kikaisha. Bibi Seo, ambaye hajui kusoma hata herufi moja, kwa kuwa enzi zake mabinti walipelekwa matopeni na si shule, aligeuka akamwambia Yaw, "Mkwe, umesema vizuri. Hilo la mafuta ya kukaangia limenipendeza. Ila wale walikuwa wanapiga ngoma ya nini, mtu anazungumza?"



Boram alisimama na mto wake. "Baba, kwa nini ulisema hivyo?"

"Sikusema hivyo. Hukunisikia?"

"Imeandikwa," Boram akasema, akaenda chumbani kwake.

Siku zilizofuata ningependa kuandika kwamba watu walimkejeli, ingekuwa rahisi zaidi. Hapana, walimpenda. Muuza tini wa barabarani, ambaye kwa miaka kumi na mbili walikuwa wakibishana naye habari za mvua na bei ya mbolea, alimwona akaita, "Mimi tini penda?" akamwongezea tini nne bure. Karakanani walimbandikia maneno yale kwenye kofia yake ya kuchomelea. Msimamizi wake alianza kumpa maagizo kwa neno moja moja na vidole. Yaw akimjibu kwa sentensi kamili, yule hucheka kwanza, halafu humwomba arudie.

Jumapili tulikwenda kanisani. Mchungaji wetu, Mchungaji Cheon, ni mtu mwema, alimzika mume wangu akilia kuliko sisi. Somo lilikuwa la Pentekoste, ndimi za moto. Akatazama benchi letu, uso umejaa furaha. "Ndugu yetu Yaw ametuhubiria mbele ya taifa zima," alisema. "Mimi moto penda. Nasi tuseme, tunaupenda moto wa Roho." Kanisa zima likacheka likasema amina. Yaw akainamisha kichwa, wao wakaona ni unyenyekevu. Mimi nilifungua Biblia nikatazama ukurasa bila kusoma. Nilitaka kwenda kumwambia mchungaji baada ya ibada. Nilifika hadi mlangoni kwake. Alinishika mikono miwili, akasema jinsi Mungu anavyowatumia wageni kuchangamsha watu wetu, na nikaona nikisema nitamvunja moyo mzee wa watu kwa jambo ambalo hata hatalielewa. Nikarudi. Nimeliombea msamaha.

Boram hakusema mengi wiki ile. Aliacha kushushwa getini, akataka ashukie kona ya duka la dawa. Sundeok alipata habari kwa Harin mwenyewe, aliyekuja jikoni na mama yake kula, kwamba darasani wamempa Boram jina la Moto. Harin alisema bila ubaya wowote, akila, kama anayetaja rangi ya mkoba wa mtu.

Ilibaki wiki moja kabla ya siku ya kazi za wazazi. Yaw akampigia simu binti Namgung. Tulikuwa jikoni, akaweka sauti ya nje ili nimsaidie akikwama.

"Mwalimu," Namgung akasema, "nilitaka kukupigia. Hakuna aliyepata maoni mazuri kama wewe. Watu wanauliza utarudi lini."

"Ahsante, binti. Kosigi, maneno yale sikusema."

"Najua. Yako yalikuwa marefu, na mazuri. Ila nafasi ya maandishi ilikuwa sekunde tatu tu."

"Yanaweza kubadilishwa? Kipindi kikirudiwa tena. Mniandikie nilichosema, au msiandike kitu."

"Maandishi huwekwa na kijana mmoja wa chumba kingine. Yakishaingia kwenye picha hayatoki. Na sasa yako kila mahali, mwalimu, watu wameyakata wanatumiana. Hata mimi nikitaka siwezi kuyakusanya."

"Nina mtoto darasa la tano."

"Kweli? Basi atakuwa maarufu shuleni," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Kisha nadhani alisikia jinsi tulivyonyamaza, maana akaongeza taratibu, "Samahani, mwalimu. Samahani sana. Sijui nifanyeje."

Yaw akamwambia, "Haya binti, jitahidi ulale kidogo," wakaagana. Akakaa anaitazama simu. Mimi nilimchotea supu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na sufuria na sikujua kingine cha kufanya.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe niliomba sentensi zile chache za Yaw zisikike tu. Sikuomba zaidi ya hapo.

Sundeok alikuwa na mafundi sitini wa kulisha, nikaenda badala yake, nimebeba keki za mchele za darasa. Yaw alivaa ovaroli yake, imepigwa pasi, na mkononi alishika kofia ya kuchomelea. Kibandiko alikuwa amekikwangua, lakini gundi ilibaki ikaacha alama. Kabla yetu alizungumza baba wa Harin, mchoraji wa ramani za meli, alisoma kwenye karatasi bila kuinua uso, na watoto walipiga miayo. Mwalimu Pyo akasema, "Sasa mgeni tuliyemngoja wote." Darasa likalipuka kwa makofi.

Boram alikaa mstari wa tatu dirishani. Hakupiga makofi wala hakuinama. Alikuwa akimtazama baba yake kama mtu anayetazama namba ya basi likiwa bado mbali.

Yaw akasema, "Hamjambo. Mimi ni baba yake Boram, nachomelea vyuma vya meli mwaka wa kumi na sita. Leo nitawaambia jinsi fundi anavyotumia masikio."

Kikorea safi, kila neno mahali pake. Na watoto thelathini wakaendelea kumtazama wakitabasamu, midomo wazi kidogo, wakingoja. Niliona kwamba hawakuwa na dharau. Ni kwamba tu hawakuwa wamesikia. Kwao alikuwa bado hajaanza. Akaendelea na lile la mafuta ya kukaangia. Kijana mmoja nyuma akaguna. Mwingine akanong'ona, "Atasema saa ngapi?" Alipofika penye chuma kukataa, mtoto mmoja hakuvumilia, akasema, "Mjomba, tusemee. Mara moja tu." Wengine wakaitikia, mara moja tu, mara moja tu, wakigonga madawati, hata Mwalimu Pyo akacheka, mkono mdomoni, akasema, "Jamani, tumwache amalize," lakini yeye pia alikuwa anangoja, nilimwona.

Yaw alimtazama Boram.

Mtoto alikuwa amekunja ngumi juu ya dawati. Wenzake wa mbele walikuwa wamegeuka wanamtazama yeye, si baba yake. Nilidhani atatikisa kichwa. Alikaza macho kwa baba yake, akasogeza midomo bila sauti, na hata mimi niliyekuwa mlangoni na keki zangu niliyasoma maneno yale matatu. Kisha akaongeza neno moja zaidi, tafadhali.

Yaw akavaa kofia ya kuchomelea, akashusha kinga ya uso. Akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kwenye televisheni, "Mimi moto penda."

Sijawahi kusikia kelele ile darasani. Watoto walisimama juu ya viti. Harin alimkumbatia Boram shingoni kwa nyuma, na Boram akacheka, akacheka sana, uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Wakamfanya Yaw arudie mara nne. Alirudia. Kinga ya uso hakuinua.

Baada ya kengele tulimngoja Boram getini kwenye gari, maana mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Alitoka amezungukwa na wasichana sita, Harin amemshika mkono. Yaw akateremsha kioo akamwuliza, kwa ile lugha yao ya bibi wa pwani, kama anakuja nyumbani au anapitia jikoni kwa mama yake kwanza, na kama ana mwavuli.

Boram aliwatazama wenzake. Kisha akainama dirishani, akasema pole pole, kwa sauti kubwa, akiacha nafasi kati ya neno na neno kama tunavyosema na mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege.

"Baba. Nyumba. Enda. Mimi. Rafiki. Baadaye."

Wasichana wakacheka kwa upole. Mmoja akasema, "Boram anamfundisha vizuri."

Nilitaka Yaw aseme kitu. Midomo yake ilijiandaa, niliiona ikishika lile "kosigi" la kuanzia. Halafu akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu aliyeelewa, akapandisha kioo. Hatukuondoka mara moja. Tulikaa tukiwatazama wakipita mbele ya gari chini ya miavuli miwili, mtoto wetu katikati, hadi walipokata kona ya duka la dawa.